Tumeahidiwa kompyuta 20 za msaada kutoka Marekani. Tukubali kwa masharti gani?

Kikundi_Likoni:
Assalaam alaykum wanabaraza. Kikundi chetu cha vijana hapa Likoni kimepewa chumba kimoja cha madrasa, futi 18 kwa 24, tufungue mahali pa kujifunzia kompyuta bila malipo kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Wafadhili wako tayari kutia kwenye kontena kompyuta 20 za mezani zilizotumika ofisini; wanangoja jibu letu tu. Pesa ni kidogo na intaneti ni ya bando la simu. Chumba kinaelekea baharini, kusi inaingia moja kwa moja. Tuwaulize nini, na chumba tukitayarishe vipi?

FundiTudor:
Waalaykum salaam. Msikubali mpaka mletewe orodha ya mashine moja moja: modeli, prosesa (chipu inayoendesha kazi zote), RAM (kumbukumbu ya muda), diski. "Kompyuta 20, zote zinawaka" si orodha. Mashine ya 2009 na ya 2018 zote zinawaka, na nafasi zinayochukua kwenye kontena ni ileile.

Kwa prosesa, chini ya Intel i3 ya kizazi cha nne msishuke. RAM iwe GB 8. GB 4 yafaa ikiwa kuna SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na mtaweka Linux Mint ya XFCE (mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows). Zikija na diski za kuzunguka, tengeni pesa za SSD za GB 120 kabla ya kununua hata meza, kwa sababu hakuna kipuri kingine kinachofufua mashine kuukuu kama hicho. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Ndiyo maana mashine za kizazi cha sita na saba zinatolewa kwa wingi. Kwa Linux bado zina miaka mingi, zichukueni.

Nenosiri la BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows au Linux) lifutwe hukohuko. Kwenye modeli nyingi za ofisini, kutoa betri ya CR2032 (ile ya kidonge kwenye ubao mkuu, inayotunza saa) hakuliondoi. Wakibadili nia wawape Chromebook (laptopu za mfumo wa Google), jambo hili ni zito zaidi: iliyosajiliwa chini ya kampuni itaendelea kudai akaunti ya kampuni hata ukiifuta mara kumi, mpaka kampuni yenyewe iiachilie.

Halahala na stima. Geuza mashine utazame karibu na tundu la waya wa umeme. Ukiona kiswichi chekundu kimeandikwa 115, kisogeze kwa bisibisi hadi 230 kabla hujachomeka chochote. Ukisahau, volti 240 zetu zitapasua pawasaplai (kisanduku cha umeme ndani ya mashine) papo hapo, mlio kama wa fataki. Nyingine hazina kiswichi hicho. Hapo soma kibandiko, kiwe kimeandikwa 100–240V. Nyaya za Marekani waziache huko. Nunueni za hapa, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 5. Adapta za bei rahisi hukata waya wa ardhi, na mtoto akigusa kasha la chuma atapigwa.

Maabara_Kisauni:
Naongezea la chumba, maana pwani ndilo linaloua mashine nyingi kuliko virusi.

Kusi hubeba chumvi. Feni ya kompyuta huivuta ndani, ikakaa kwenye meno ya RAM na kugeuka ukungu wa kijani. Dalili yake: mashine inalia milio mifupi na skrini haionyeshi kitu. Wengi hudhani ubao mkuu umekufa. Chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake polepole kwa raba ya kufutia penseli, pangusa kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, irudishe. Mara nyingi inatosha.

Madirisha ya upande wa bahari yafungwe mashine zinapowaka, mfungue ya upande wa pili. Msifunike kwa nailoni, inashika unyevu. Ngojeni nusu saa zipoe, kisha leso au kitambaa chochote cha pamba. Wakati wa likizo ziwasheni saa moja kila wiki. Iliyolala miezi mitatu karibu na maji huharibika upesi kuliko inayotumika. Na mijusi! Zibeni kila tundu la kadi lililo wazi nyuma. Mjusi akiingia ndani ya pawasaplai, amekufa yeye na pawasaplai.

Kikundi_Likoni:
Shukran sana. Je, tukiomba laptopu badala yake?

FundiTudor:
Ombeni, hata zikiwa 12. Ya mezani na skrini yake hula kama wati 90, kwa hiyo 20 ni wati 1,800; kwa saa nne ni yuniti 7.2 za tokeni kila siku. Laptopu 20 za wati 35 ni yuniti 2.8. Tena stima ikikatika somo halikatiki. Lakini ulizeni hali ya betri, na iliyofura isipandishwe melini kabisa. Zikiwa za mezani, fundi awavutie laini mbili kutoka kwenye breka, kumi kwa kumi. Msirundike ekstensheni juu ya ekstensheni.

BintiBandari:
Mambo mawili hayajaguswa.

Bandari: jina la kikundi likiandikwa kwenye hati ya shehena kama mpokeaji, forodha itawadai ninyi, na kontena likipitisha siku za kukaa bandarini bila malipo gharama hupanda kila siku. Wakala wa forodha aone hati kabla meli haijang'oa nanga, pamoja na cheti cha ukaguzi cha KEBS (shirika la viwango la Kenya). Mashine mbovu zisichanganywe humo: tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zipate kibali cha nchi inayopokea kwanza. Kwa hesabu hiyo, linganisheni na mashirika yanayokarabati humu nchini. Computers for Schools Kenya iko Nairobi tangu 2002, na Close the Gap ya Ubelgiji ina kituo hapahapa Mombasa. Huenda mkachangia gharama, ila mnaikagua mashine kwa macho yenu, na ikifa mnajua pa kuirudisha.

Intaneti: msichome bando. Chukueni kompyuta moja nzuri kati ya hizo iwe seva (mashine inayohudumia nyingine), muweke Kolibri (programu ya masomo) na Kiwix (ya kusomea Wikipedia), zote bila intaneti, muiunganishe na ruta ya kawaida isiyo na laini. Kolibri ina hadithi za Kiswahili za African Storybook. Wikipedia ya Kiswahili kwenye Kiwix inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, kwa hiyo seva iwe na diski ya GB 500. Pakueni mara moja mahali penye faiba, mje nayo kwenye diski. UPS (betri ya akiba stima ikikatika) mkinunua moja, iwe ya seva hiyo. Na wekeni saa yake sawasawa: mashine iliyorudi 2012 kwa sababu betri ya CR2032 imekwisha itakataa tovuti karibu zote siku mtakapopata mtandao, nanyi mtahangaika na ruta bure.