Mimba ya kwanza, naishi Kigamboni: kituo cha afya, hospitali ya rufaa, ya binafsi, au niende kwa mama yangu, Muheza?

Kibibi_wa_Kigamboni

Habari za jioni wapendwa. Nina wiki 31, mimba ya kwanza, miaka 24. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki hii yuko kwenye foleni ya Tunduma, wiki ijayo hata yeye hajui atalala wapi. Kaniambia niulize wenye uzoefu, yeye atakubali nitakachoamua.

Kichwani nina sehemu nne. Ya kwanza ni kituo cha afya cha serikali ninakohudhuria kliniki. Bajaji dakika kumi. Wananijua kwa jina, na yupo nesi mmoja wa Jumanne ambaye kabla hajanishika tumbo anasugua viganja kwanza vipate joto. Thieta (chumba cha upasuaji) wanayo, jengo jipya la vigae vyeupe. Ya pili ni hospitali ya rufaa, ng'ambo ya daraja, upande wa Dar es Salaam mjini. Wataalamu wapo, lakini masimulizi ya leba za hospitali kubwa yananikosesha usingizi. Ya tatu ni ya binafsi mjini: kujifungua kawaida milioni moja na laki mbili, upasuaji milioni mbili na nusu, chumba cha peke yako. Bima sina, akiba yetu laki nane. Ya nne ni kwa mama Muheza, maana kwetu mimba ya kwanza unarudi nyumbani. Ila kijijini ni zahanati tu, hospitali iko mjini, na barabara yetu mvua ikinyesha hata bodaboda wanagoma.

Juzi nilipimwa wingi wa damu, 9.6. Nimepewa vidonge vyekundu. Nyie mngechagua wapi?

MamaWawili

Hongera mdogo wangu. Mimi nimezaa kote kuwili, ngoja nikwambie ukweli.

Wa kwanza nilimzalia hospitali kubwa, jina naliacha. Kitanda tulilala wawili, mwenzangu kichwa huku mimi kichwa kule. Dada yangu alibaki getini na thermosi ya uji mpaka ukapoa. Nikiita nesi, najibiwa "bado wewe". Nililia kwa upweke kuliko uchungu wenyewe. Lakini baada ya mtoto kutoka nikamwaga damu, na hapo niliwaona wale wale waliokuwa wananifokea wakigeuka watu wengine kabisa. Wanne kwa mpigo, mmoja mkono huu na sindano, mmoja anakanda tumbo, mmoja kakimbilia damu. Nisingekuwa pale, wa pili asingezaliwa.

Wa pili nilimzalia kituo cha afya. Dada akaruhusiwa kuingia, nikatembea kwenye korido, nikaoga maji ya moto, saa tano usiku mtoto huyu hapa. Ningekwambia nenda kituoni, lakini hiyo 9.6 inanifanya nisite. Wakunga wa humu waseme.

Bwana_Pantoni

Mimi ni mwanaume lakini nina la kusema. Na sisi ni wa Kigamboni. Mke alishikwa saa nane usiku. Tulikuwa tumekubaliana na jirani mwenye gari, simu yake ikaita mpaka ikakata, kumbe kaiweka kwenye chaji sebuleni. Nikatoka barabarani na taulo begani natafuta bajaji. Kusubiri pantoni nikaona tutachelewa, tukazunguka darajani. Yule kijana wa bajaji kila tuta anasema "samahani mama", na mke wangu anamjibu "twende tu mwanangu". Wanalingana umri.

Mtoto wa pili nilijirekebisha. Mke akiwa na wiki 35 nilifanya safari ya majaribio usiku wa manane, saa mkononi. Mchana dakika 25, usiku na kutafuta usafiri zikawa 50, na nyingi ziliishia hapo mlangoni kwetu, si barabarani. Kwa hiyo dada, usihesabu umbali wa hospitali tu. Hesabu na wa huyo dereva. Uwe na namba tatu, siyo moja.

Mkunga_wa_Zamu

Nimesoma yote. Niko leba mwaka wa 14, naandika kama mkunga lakini sijakuona wala kadi yako sijaishika, kwa hiyo haya upeleke kwa anayekuhudumia.

Nianze na damu. Kwa mjamzito, chini ya 11 tunahesabu ni upungufu. 9.6 haijafika pa kutisha na wiki zilizobaki zinatosha kuipandisha, ukimeza vidonge kweli. Usivimeze na chai, chai inazuia madini kuingia mwilini. Tumia maji au chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kwa nini naikazania? Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita anahimili. Aliyeanza na kidogo, nusu lita ile ile inamlegeza.

Sasa hiyo thieta ya vigae. Jengo la thieta siyo thieta. Nenda uwaulize bila aibu: upasuaji wa dharura mnafanya usiku na Jumapili? Mtaalamu wa dawa za usingizi yupo kila zamu au anaitwa kutoka nyumbani? Damu salama mnayo kwenye friji leo? Mkimpa mama rufaa anaondoka na nini? Wakikujibu kwa kuguna, umeshajibiwa.

Waulize pia kama wanampima mama damu inayomtoka au wanakadiria kwa macho. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu: mama anawekewa mfuko wenye alama za vipimo, damu ikivuka kiwango matibabu yote yanatolewa kwa pamoja badala ya moja moja. Kutokwa damu kupindukia kulipungua kwa asilimia 60. Macho yetu wakunga yanadanganya jamani, hasa shuka likiwa la rangi.

Mwisho, mtu wa kukaa nawe. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Kwetu shida ni nafasi: wodi moja, vitanda sita, pazia hakuna, ukimwingiza mume wa huyu umemvua nguo yule. Ndiyo maana sehemu nyingi wanakubali mwanamke na kumkataa mwanaume. Uliza mapema, usije kubishana na mlinzi huku umeinama.

Mjukuu_wa_Bi_Mwanaidi

Mnamtisha binti wa watu. Bibi yangu amezalisha kijiji kizima bila friji ya damu. Nenda Muheza, mama atakukanda maji ya moto, utakunywa uji wa pilipili manga, na zipo dawa za mizizi za kuongeza uchungu, mtoto anatoka haraka.

Mkunga_wa_Zamu

Mjukuu, bibi nampa shikamoo yake. Kukandwa na uji wa pilipili manga baada ya kujifungua, ruksa, mradi maji yasimuunguze. Dawa ya kuongeza uchungu hapana. Sisi wenyewe dripu ya uchungu tunaihesabu kwa matone huku tunasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kwa sababu mfuko wa uzazi ukibana bila kupumzika mtoto anakosa hewa, na wenyewe unaweza kupasuka. Huo mzizi nani anauhesabu?

Na hicho kijiji, waliokufa nani aliwaandika? Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanaojifungulia vituoni ni 63 kati ya 100, na vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja. Ule wa 2022 ukakuta 81 kati ya 100, na vifo 104. Sisemi ni kitu kimoja kilicholeta hayo, lakini wakunga wa bibi hawakuongezeka hapo katikati.

Mswahili_wa_Leicester

Niongeze ya huku Uingereza, mimi nilijifungulia kituo kinachoendeshwa na wakunga watupu: taa hafifu, beseni kubwa la maji ya moto, mume pembeni. Raha. Lakini msidhani wanakuachia tu. Uliwahi kutoka utafiti wao mkubwa mwaka 2011, wa wanawake wasio na matatizo. Kwenye vituo vya wakunga watoto walikuwa salama sawa na hospitali, na akina mama waliongezwa njia na kupasuliwa mara chache zaidi. Ila kwa mimba ya kwanza, waliopanga kuzalia nyumbani watoto wao walipata matatizo zaidi, na hata waliopanga kituo cha wakunga, zaidi ya theluthi moja walihamishiwa hospitali. Mimba ya kwanza haitabiriki. Huku kuhamishwa ni gari la wagonjwa linalofika. Wewe hiyo ndiyo hesabu yako, daraja hilo.

Kibibi_wa_Kigamboni

Asanteni sana. Leo nimeenda kituoni na maswali ya Mkunga nimeyaandika nyuma ya daftari la duka. Nesi wa Jumanne kacheka, kisha akafunga mlango akanijibu. Thieta inafanya kazi, lakini mtu wa usingizi ni mmoja, akiwa na ruhusa wagonjwa wanapelekwa ng'ambo. Damu leo ilikuwepo chupa mbili. Akaniambia, "Ningekuwa na damu 12 na mtoto wa tatu tumboni, ningezalia hapa hapa. Wewe nenda ng'ambo, kliniki endelea kwangu."

Ya binafsi nayo nimepiga simu nikauliza mtoto akihitaji uangalizi maalumu inakuwaje. Wanampeleka hospitali ile ile ya rufaa. Nikajiuliza hiyo milioni nalipia nini, pazia?

Kinachonibana ni kukaa peke yangu kule.

MamaWawili

Kwani mama ni lazima umfuate wewe? Kwa nini asije yeye?

Kibibi_wa_Kigamboni

Dada, nimempigia. Kanyamaza kwanza. Halafu akaanza: machungwa yanavunwa, kuku nani atawafungia, mila inasema mtoto wa kwanza azaliwe kwao. Nikamwambia mama, mkwe wako yuko Tunduma. Akasema, "Nitakuja na kuku wawili, hao wengine shauri yao."

Mkunga_wa_Zamu

Umenifurahisha. Basi akija mpeleke hospitali siku ya kawaida aone geti, aone leba iko upande gani, aulize kama ataingia. Ni heri apotee siku hiyo.

Jambo lingine, mimba za kwanza mnatuwahi sana. Unakuja njia imefunguka sentimita mbili, unakaa siku nzima kwenye benchi, hujala, hujalala, unafika kusukuma huna nguvu. Uchungu wa kasi tunauhesabu kuanzia sentimita tano. Uchungu ukiwa wa kuja na kupotea, kaa nyumbani, tembea, kula uji, oga. Ukija kila dakika tano na huwezi kuongea katikati yake, toka. Wewe wa darajani hata ukiwa wa dakika saba, toka. Lakini usingoje hata kidogo ukiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto akiacha kucheza, au degedege. Hapo hata kama ni wiki 32.

Ikiwa dharura na usafiri hakuna, piga 115, bure. Ndiyo ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wazazi, wanatafuta gari la wagonjwa, likikosekana wanamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa na nauli analipwa na mfumo.

Bwana_Pantoni

Hiyo 115 iandikwe kwa mkaa ukutani. Simu huwa zinazima chaji siku hizo.

Kibibi_wa_Kigamboni

Mrejesho wa wiki 36. Damu imefika 11.2, chai nimeiacha, namkosea mume wangu anayeipenda. Mama kashafika na kuku ni watatu, mmoja alimwonea huruma. Tulienda ng'ambo wote wawili. Wamekubali mwanamke mmoja aingie, avae kandambili safi na asipige simu ndani. Mama kamuuliza nesi, "Nikimwombea kwa sauti?" Kaambiwa kwa sauti ndogo.

Begi liko nyuma ya mlango: doti tatu za khanga, mbili zimefuliwa zilainike, mpira wa kulalia mita mbili, glavu, pamba, vibanio vya kitovu, pedi, beseni, kofia ya mtoto na soksi. Mama kalifungua, akalipanga upya, akaweka vya mtoto juu. Anasema mtoto hangoji utafute chini ya beseni. Madereva watatu, mmoja ni wa bajaji anayelala nyumba ya nne.

Mswahili_wa_Leicester

Kila la heri mdogo wangu. Weka na chaja.

Kibibi_wa_Kigamboni

Saa kumi alfajiri, chupa imepasuka, maji meupe. Wiki 39. Mtoto anacheza. Bajaji inapiga honi nje na mama anagombana na mlango. Nitawaambia.

MamaWawili

Kadi ya kliniki umeichukua?

Kibibi_wa_Kigamboni

Uwii. Tunarudi.