Je, panya shamba huuana wenyewe wakizidi kuwa wengi?

Mkulima wa Mvomero
Ndugu wanajamvi, nilifukia ndoo ya mtego pembeni mwa shamba langu la mahindi, na alfajiri nikakuta panya watano, mmoja sikio limechanika na mwingine mkia unavuja damu. Jirani yangu ananiambia nisihangaike, kwa kuwa wakishazidi wataanza kuuana wenyewe. Je, kauli hiyo ina ukweli?

Bwana shamba mstaafu
Ndugu yangu, usisubiri jambo hilo. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, amechunguzwa hapo Morogoro kwa miongo kadhaa, hasa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ubelgiji, kwa kunaswa akiwa hai, kutiwa alama na kuachiliwa, na imeonekana kwamba hana eneo analolilinda: mizunguko ya madume na majike huingiliana mwaka mzima, hata idadi yao inapopanda sana. Jike hupandwa na madume kadhaa, hivyo watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti. Ulichokiona ni ugomvi wa ndoo. Shambani anayezidiwa hukimbia, lakini mle ndani hakuwa na pa kukimbilia.

Msomaji wa Leeds
Naunga mkono, ila kauli ya jirani ina chembe ya ukweli kwa panya wengine. Huku Uingereza kuna Apodemus sylvaticus, ambaye madume wake wakomavu huwa wakali kwa vijana katika msimu wa kuzaana, kisha baridi ikiingia hulala pamoja katika shimo moja wakipeana joto.

Mkulima wa Mvomero
Ahsanteni. Basi wa kwetu hupunguzwa na nini?

Bwana shamba mstaafu
Chakula, na nyuma yake mvua. Vuli ikiwa nzuri, majani huchipua mapema, panya wadogo hukomaa upesi, na kila jike huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo, hadi hekta moja ikabeba mamia. Kiangazi kikikaza, hufa wengi. Kwa hiyo tegeni kabla ya kupanda, maana mbegu hufukuliwa siku za mwanzo, na mtege wewe na huyo jirani kwa pamoja: shamba ulilolisafisha peke yako halina mwenyeji wa kuwazuia panya wa kwake wasihamie.