Shokapu mbele tu, au mbele na nyuma? Kijana wa miaka 14, njia za asili za kilimani

BabaWawili:
Wakuu, kijana wangu ana miaka 14, kilo 45, na amechoka kuzungushwa kwenye barabara ya vumbi. Anataka kilima chenyewe: vijia vilivyochimbwa na miguu ya watu na maji ya mvua, si vile vilivyojengwa kwa ajili ya baiskeli. Nimepata baiskeli mbili, bei zinakaribiana. Ya kwanza mpya, shokapu mbele tu, breki za diski za mafuta, fremu ya kimo chake. Ya pili imetumika, shokapu mbele na nyuma, fremu kubwa kidogo, na muuzaji anasema "ataikulia". Mngekuwa nyie?

Cheni_Kavu:
Ya pili, wala usijiulize. Kijia cha asili hakuna aliyekisawazisha. Shokapu ya nyuma inafanya gurudumu lishike ardhi badala ya kurukaruka kwenye mizizi, na dogo akikosea pa kupita, baiskeli inamfichia kosa. Akitikiswa mgongo siku ya kwanza hutamwona tena huko.

Mama_Mteremko:
Cheni, hayo ni ya mtu wa kilo 80. Shokapu hupangwa kwa uzito wa anayeipanda: akikaa tu, ya nyuma inatakiwa izame kama asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote inaoweza kuzama. Ikiwa ni ya springi ya chuma, iliyowekewa mtu mzima, mtoto huyo haitikisi. Itabidi springi ibadilishwe. Ya hewa angalau inapunguzwa kwa pampu yake. Bila hivyo anasukuma uzito wa bure kupanda mlima.

Na hilo la "ataikulia" ndilo linaloniudhi hasa. Binti yangu nilimpa fremu ya aina hiyo. Kwenye kona ya changarawe alisimama ghafla, mguu ukatafuta ardhi, ardhi iko mbali, akalalia upande wa bondeni na baiskeli juu yake. Mchubuko ulipona wiki ile ile. Kurudi kilimani ilichukua miezi.

Fundi_wa_Jioni:
Mimi naanza na breki. Vijana wa Marin County, California, miaka ya 1970, walishuka mlima na baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Grisi iliungua ndani ya habu, kitovu cha gurudumu ilimo breki hiyo, hadi ikabidi ijazwe upya baada ya mteremko, ndiyo maana mashindano yao yaliyoanza 1976 yakaitwa Repack, yaani "jaza upya". Mteremko mrefu unakula breki.

Mkalishe kijana, aweke kidole cha shahada kwenye mkono wa breki. Lazima kifike bila yeye kunyoosha kiganja. Kisipofika, breki nyingi za mafuta zina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu. Na ile iliyotumika, shika kiti, nyanyua nyuma kidogo, tikisa. Ukisikia "tak, tak", beringi za maungio zimekwisha, na hizo si beringi moja.

Cheni_Kavu:
La fremu nakubali, nimeshindwa. Ila akichukua ya shokapu moja, tairi ndiyo shokapu yake ya nyuma. Inchi 2.3 au zaidi, na upepo mdogo. Kwa tairi isiyotumia tyubu, mtu wa kilo 45 anaweza kushusha upepo hadi psi 20 hivi. Ikiwa na tyubu usifike huko: jiwe litaibana tyubu kwenye rimu, upate pancha ya matundu mawili kama ameuma nyoka.

Polepole_Tu:
Chuma mmekimaliza, bado njia. Safari ya kwanza pandeni palepale mtakaposhukia. Akipanda polepole anaona kila jiwe na kila mzizi kabla hajakutana navyo kwa kasi. Kupanda yeye atangulie ili mwendo uwe wake; kushuka utangulie wewe. Kiti kishushwe kabla ya mteremko, pedali zilale sawa, macho yaangalie mbele, si kwenye tairi. Mzizi uliolowa auvuke moja kwa moja, si kwa mshazari, na breki ameachia. Mkikuta watembea kwa miguu, simameni.

BabaWawili:
Mrejesho. Tulienda kuiona ile ya pili. Fundi, "tak, tak" niliisikia kabla sijaitikisa vizuri. Nimechukua ya shokapu moja.

Jana tumepanda tulikoshukia, kama alivyosema Polepole. Kufika kwenye mawe, dogo kashuka, kaikokota baiskeli hadi chini, wala hakuona haya. Mimi niliyekwenda kumwonyesha nimepitia juu ya usukani. Kaninyanyua, kanikung'uta vumbi, kaniambia: "Baba, labda hiyo yako bado hujaikulia."