Mjadala: Mhubiri wa feri ya Likoni anaokoa au anafukuza?

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tulijadili hili bila matusi.

Anayevuka Likoni asubuhi anamjua. Feri ikishang'oa tu, anawasha spika aliyoitundika begani: wewe wa suruali ya kubana, wewe teja uliyeegemea chuma, wote moto unawangoja! Wiki jana mama mmoja wa buibui, ndoo ya samaki miguuni, aliinamisha uso mpaka tukafika ng'ambo. Katikati ya maji utashukia wapi?

Mimi Mkristo, na jambo hili linaniuma. Yohana 3:16 tunaikariri sote, lakini aya ya 17 tunaipita mbio: Mungu hakumtuma Mwana ili auhukumu ulimwengu, bali ulimwengu uokolewe. Yule mwanamke aliyefumaniwa, Yesu aliwatawanya kwanza wenye mawe, ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Sisi tunaanza na mawe.

Tukumbuke na Frere Town, pale Kengeleni. Wamisheni waliianzisha miaka ya 1870 kuwapokea waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walipata pa kulala, shule na kazi. (Ukali ulikuwepo pia, sikatai.)

Mchangiaji: Kaka, upendo usiokemea ni unafiki. 1 Yohana 2:15 inasema msiipende dunia. Yohana Mbatizaji alimnyamazia Herode? Mwanangu akianza kutumia unga nimchekee? Wako watu waliookoka kwenye feri hiyo hiyo, nawajua, na leo ni wazee wa kanisa.

Mleta mada: Dada yangu, hao waliookoka namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Mbatizaji alimkemea mtawala mwenye askari na gereza, na kukemea huko kulimgharimu kichwa. Kumkemea mama wa samaki kunamgharimu nini mhubiri? Na aya ya 16 ya sura hiyo hiyo inataja tusivyopaswa kuvipenda: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, kiburi cha uzima. Watu hawamo. Paulo naye anauliza, yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje?

Mwanao mkemee, ni haki yako, maana unamlisha na akiugua utakesha naye. Yule teja wa ferini nani anamjua hata jina? Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja aache heroini. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ukikosa siku kadhaa unarudi nyuma. Feri ni bure kwa mtu wa miguu, lakini nauli ya matatu ya kwenda na kurudi kila siku, mtu asiye na kazi ataitoa wapi?

Napendekeza makanisa ya Likoni yachange nauli hiyo kabla ya kununua spika nyingine. Anayepinga atupe sababu zake.