Tupeane uzoefu: kupaka rangi visanamu vya vita vya angani na kutengeneza mandhari yake hapa Dar

FundiBrashi: Wakuu, tushushe mbinu zinazokubali hapa mjini, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Naanza na praima ya spirei (rangi ya msingi inayopulizwa kabla ya rangi nyingine), ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Osha kisanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Resini (utomvu wa viwandani unaomiminwa kwenye kalibu ukagandia humo) hutoka na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Shika kopo sentimita 20 hadi 30, puliza kwa mapito mafupi, tabaka mbili nyepesi. Ukisogea mbali zaidi kwenye jua la saa nane, matone yanakaukia hewani na uso unakuwa kama msasa. Masika ni balaa jingine: unyevu unaifanya vanishi isiyong'aa iote ukungu mweupe. Subiri siku kavu tu.

Mtoto_wa_Tabata: Na zima pangaboi! Rangi ya akriliki (ile ya maji) inakaukia kwenye brashi. Chukua kontena lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi ikae hapo. Kwa joto letu badilisha maji mara kwa mara, la sivyo yananuka.

Kigamboni_Sekta7: Kwenye mandhari, stairofomu ya boksi la TV ni bure, ila usiipulizie spirei moja kwa moja. Tina iliyomo inaitafuna hadi mashimo. Ipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji, tabaka mbili, mpaka ndani ya nyufa. Pakibaki upenyo mdogo, spirei itaingilia hapo hapo. Mchanga wa ufukweni usuuze kwa maji ya bomba mara kadhaa, ukaushe, uchekeche kwa chujio la chai. Chumvi ikibaki huvuta unyevu na kutoa madoa meupe juu ya rangi. Mitambo ya kiwandani: fitingi za bomba la PVC, zikwaruzwe kwa msasa namba 400, pamoja na bodi mbovu za simu kutoka kwa mafundi wa Kariakoo. Ukikata bodi vaa barakoa, vumbi lake lina nyuzi za kioo.

Mgeni_Jukwaani: Wakuu, mkono wa resini kwenye mwili wa plastiki unashikaje? Gundi ya plastiki imegoma.

FundiBrashi: Itagoma tu mkuu. Ile inayeyusha polistaireni ili vipande viungane, resini haiyeyuki. Tumia supa gluu na pini. Toboa tundu la milimita 1, weka tone la rangi mbichi mdomoni mwake, gusisha kipande cha pili: alama inakuonyesha pa kutoboa. Pini ni waya wa klipu ya karatasi, iingie milimita 3 kila upande.

Mtoto_wa_Tabata: Ila kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe. Mvuke wa supa gluu unakifubaza.