Ushauri: balkoni ndogo Kisumu, viti vya magugumaji au vya chuma?

NyotaYaZiwa: Hamjambo wadau. Nimehamia ghorofa ya tatu hapa Kisumu. Balkoni ni mita tatu kwa moja na nusu, inatazama magharibi. Nataka pahali pa chai ya jioni. Ninunue viti vya magugumaji au vya chuma? Silali kwa mawazo.

BabaToto: Chuma na jua la saa tisa? Utaungua mapaja. Chukua magugumaji, ila mvua ikija uviingize ndani. Vyangu vililowa wiki mbili nikiwa matangani Siaya, vikaota ukungu. Mama watoto hajanisamehe.

MvuviDunga: Magugu hayo yanatufungia ziwa tangu miaka ya 1990, nyavu zetu zinanasa. Kila kiti ni magugu yaliyotolewa majini. Nunua.

ShambaKwanza: Kiti hakiliwi. Panda sukuma.

FundiMjengo: Dada, mtu hakosi usingizi kwa kiti. Kuna nini kingine?

NyotaYaZiwa: Sawa. Fundi wa Kibuye ananikatia dramu mbili za lita 200, nipate nusu nne za kupandia. Nimeshamlipa nusu. Na kuna ufa kidogo balkoni inaposhikana na ukuta. Msimamizi wa ploti alisema ni plasta tu. Dramu zenyewe nyepesi, nilizibeba.

FundiMjengo: Zikiwa tupu. Lita moja ya udongo uliolowa hupita kilo moja na nusu. Nusu dramu ni zaidi ya kilo 150, zote nne zaidi ya 600, na bado hamjaketi. Balkoni isiyo na nguzo hushikwa na vyuma vilivyo ndani ya slabu ya zege, upande wa juu, hapo hapo inaposhikana na ukuta penye ufa wako. Usiweke hata moja kabla injinia hajaona.

NyotaYaZiwa: Udongo nitatia kidogo. Jirani wa juu ana tangi la maji kwake na hapajatokea kitu.

JichoKali: Huyu mwezi wa tatu aliuliza kuhusu bedsita ya Section 58, Nakuru. Leo ni Kisumu, ghorofani. Hadithi ya kutunga hii.

BabaToto: Lo! Na mimi nimeeleza mambo ya nyumbani kwangu.

NyotaYaZiwa: Nilihamishwa kazi mwezi wa tano. Sijatunga. Ufa wenyewe unaingia sarafu ya shilingi kumi, nitaweka picha.

FundiMjengo: Sarafu inaingia? Funga huo mlango, usikanyage huko tena.

NyotaYaZiwa: Fundi wa dramu amepiga simu sasa hivi. Yuko getini na mkokoteni. Nimwambie nini?