Kisima kina chumvi, nyanya zinaungua: dawa ya mwani au mlonge?

Mama Masika, Kasese
Wakulima wenzangu, naomba msaada. Nina nusu ekari ya nyanya na vitunguu huku bondeni, magharibi mwa Uganda, upande wa kuelekea Katwe. Kiangazi namwagilia maji ya kisima tulichochimba nyumbani, maji ambayo hata chai hayafai. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri. Huu ni wa tatu: ncha za majani zinaungua, ikifika saa sita miche imenyauka na ukichimba kidole udongo una unyevu. Asubuhi juu ya matuta kuna unga mweupe. Niliulamba, ni chumvi. Maharage niliyopanda pembeni yameota machache sana.

Mwenye duka la pembejeo ananiuzia chupa ya maji ya mwani, anasema inaua chumvi. Jirani anasema nitwange majani ya mlonge. Mimi nilidhani udongo umechoka, nikaongeza mbolea ya kuku na majivu ya jikoni. Nisaidieni kabla sijagusa pesa ya ada ya watoto.

Mzee wa Mubuku
Pole sana, mama. Nimelima miaka mingi kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, ambako maji yanatoka milimani na ni matamu, kwa hiyo tatizo lako nimeliona kwa ndugu zangu wenye visima.

Usinunue chupa kwa neno hilo. Mwani hauui chumvi, wala mlonge. Chumvi hutoka kwenye mizizi ikisukumwa chini na maji matamu mengi, basi. Hivyo viwili ni vichocheo, vitu vya kuuamsha mmea, na kazi yake iko ndani ya mmea. Udongo wenye chumvi huyashika maji hata mzizi ukashindwa kuyavuta, ndiyo maana mche wako una kiu penye unyevu. Tena sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, huingia mahali pa potasiamu, ambayo ni chakula cha mmea. Mmea uliopata kichocheo hujitengenezea vitu vya kushikilia maji kwenye seli na huotesha mizizi zaidi. Chumvi ikiwa ya wastani, huenda ukaona tofauti. Ikiwa kali, utapoteza pesa.

Mbolea ya kuku acha leo, ina chumvi yake yenyewe. Majivu pia, yanaongeza magadi. Weka samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa.

Na peleka udongo na maji ya kisima vikapimwe, maabara ya Kawanda, karibu na Kampala, wanapima. Chumvi hupimwa kwa desisimensi kwa mita: udongo ukifika 4 unaitwa wa chumvi, lakini maharage huanza kupungua kwenye 1 na vitunguu 1.2. Nyanya huvumilia hadi 2.5. Pamba hufika 7.7! Wazee wetu huku walilima pamba, na hadi leo wapo wanaoilima.

Dada wa Bwera
Mlonge nautumia mwaka wa pili, mama, usiudharau. Chuma majani machanga asubuhi, twanga na maji kidogo, kamua kwa kitambaa, chuja tena ili bomba la kunyunyizia lisizibe. Nusu lita ya juisi kwenye bomba la lita 15, yaani sehemu 1 kwa 30. Nyunyiza siku hiyohiyo, jioni, usiilaze. Majani yake yana zeatini, homoni inayochelewesha jani kuzeeka. Mimi huanza wiki mbili baada ya kupandikiza, narudia kila wiki mbili. Acha mistari miwili bila kunyunyiza, ujionee mwenyewe.

Kijana wa Katwe
Shikamoo mama. Nimekulia kwenye mashamba ya chumvi. Ziwa letu la Katwe halina mto wa kutoka, maji yanaingia na chumvi, jua linayachukua, chumvi inabaki, tunaivuna. Matuta yako yanafanya hivyohivyo. Chumvi hupanda kileleni, kwa hiyo mche usiupande juu, uweke ubavuni. Na funika udongo kwa nyasi kavu jua lisivute maji.

Mzee wa Mubuku
Kijana amesema kweli. Naongeza: maji yakituama juu na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, huenda ni sodiamu, na hapo jasi (gypsum) ndiyo dawa. Lakini pima kwanza.

Mama Masika, Kasese
Marahaba mwanangu. Wasingya, asanteni nyote. Maji yanatuama, ndiyo, hasa kona ya chini karibu na kisima. Chupa sikununua. Jana tumehamisha mistari minne ya miche ubavuni mwa matuta na kuweka nyasi, mlonge nimeomba kwa jirani. Udongo nimeuchota sehemu tano, uko kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji ya kisima, shemeji anapanda basi la Kampala Jumatatu. Mvua za Agosti zikija nitakinga maji ya paa kwenye tangi, niyatumie kwa vitunguu peke yake. Dada wa Bwera, ile mistari miwili nimeiacha. Nitawaandikia.